Kuhamisha kura kati ya maeneobunge: Nyalenda A au B, Lanet au Nakuru Mjini, Lurambi au Kisumu?

Katibu_Nyalenda aliuliza:

Habari zenu wadau. Kikundi chetu cha vijana hapa Nyalenda, Kisumu, kinaandaa vikao vya kuwaelimisha wakazi kuhusu usajili kabla ya uchaguzi mkuu wa Agosti 10, 2027. Yapo maswali yanayorudi kila tunapokaa na watu, na hatutaki kumpotosha mtu kwa jambo ambalo akilikosea atasubiri miaka mitano kulirekebisha. Naomba wanaoijua kazi hii watujibu.

Wapangaji wengi hapa walisajiliwa makwao: Lurambi, Emuhaya, Bondo, Nyakach. Sasa wanataka kumchagua mbunge wa huku wanakoishi. Je, ni lazima warudi kule kwanza waondolewe kwenye sajili, ndipo waje huku? Wengine wameambiwa wajisajili upya tu, eti jina la zamani litajifuta lenyewe.

Halafu kuna hii Nyalenda yetu, A na B. Mtu anapanga chumba upande mmoja, biashara yake iko upande wa pili, na anaamini zote ni eneobunge moja. Tumwelezeje?

Tena wako wanaosema kitambulisho kilichoandikwa Kakamega hakiwezi kusajiliwa Kisumu. Ni kweli?

La mwisho ni alama za vidole. Wanaopara samaki Dunga na mafundi wa mjengo wanalalamika kwamba mtambo hauwasomi. Wafanye nini?

---

Sajili_Safi:

Ndugu Katibu, nianze na lile la kujisajili upya, maana ndilo lenye hatari. Msimruhusu mtu yeyote aliyekwisha kusajiliwa aende kwa karani kama mgeni. Kifungu cha 83 cha Katiba kinasema raia atasajiliwa katika kituo kimoja tu. Jina la zamani halijifuti. Kinachotokea ni kwamba alama za vidole zikilinganishwa na zile zilizomo kwenye sajili, mtu huyo huonekana mara mbili, na kujisajili mara mbili ni kosa la uchaguzi kisheria. Hata kama hatashtakiwa, sajili ikisafishwa hajui ni jina lipi litabaki, na siku ya kura anaweza kujikuta yuko Lurambi ilhali amepanga foleni Kisumu.

Aliyemo kwenye sajili haombi usajili, anaomba uhamisho. Na uhamisho unaombwa kule unakohamia, si kule unakotoka. Kwa hiyo mpangaji aliyesajiliwa Lurambi haendi Kakamega hata kidogo. Anakwenda ofisi ya IEBC, yaani tume ya uchaguzi, katika eneobunge analohamia, yeye mwenyewe, na kitambulisho halisi mkononi. Nakala haikubaliwi, picha kwenye simu haikubaliwi, na hakuna mtu anayeweza kumhamishia mwingine, hata mume kwa mke. Karani atamtafuta kwenye sajili kwa namba ya kitambulisho, athibitishe ni yeye, ajaze fomu ya kuhamisha, kisha amuulize anataka kituo gani. Hapo ndipo wengi hujikwaa: mtu anasema "niweke Nyalenda", karani anaweka kituo chochote cha Nyalenda. Mwambieni kila mtu aende akijua jina la kituo, yaani shule ya msingi au ukumbi gani, kwa sababu kituo ndicho kinachobeba wadi, na wadi ndiyo inayobeba eneobunge. Mahali unapolala hapaonekani kwenye mtambo. Kituo ndicho kinachoonekana.

Karani anaweza kumuuliza anaishi wapi. Ajibu ukweli. Barua ya chifu au risiti ya nyumba si mzigo mzito, abebe, asije akarudishwa kwa jambo dogo.

Kabla hajaondoka kwenye meza asome kilichoandikwa: majina yote matatu, namba ya kitambulisho, mwaka wa kuzaliwa, kituo, wadi, eneobunge. Herufi moja ikikosewa kwenye namba ya kitambulisho, siku ya kura mtu huyo hapatikani. Akae na ile karatasi ndogo ya kuthibitisha. Kuna wazee bado wanauliza kadi ya kura. Kadi hazitumiki tena tangu usajili wa kielektroniki ulipoanza 2012, kwa hiyo wasidhani wamenyimwa haki yao.

Kuhusu maandishi ya kitambulisho: hapana, si kweli. Wilaya au lokesheni iliyoandikwa pale inaeleza ulikozaliwa au ulikoombea kitambulisho, haikufungi kupiga kura huko. Kitambulisho cha Kakamega kinasajiliwa Kisumu bila tatizo, na cha Kisumu kinasajiliwa Lodwar.

Kwa vijana wanaofikisha miaka 18, karatasi ile ya kusubiria kitambulisho haitoshi. Sheria inataka kitambulisho chenyewe au pasipoti ya Kenya iliyo hai. Huyo mshughulikieni sasa hivi kwa chifu na kwa msajili wa watu. Kitambulisho kinaweza kuchukua muda kutoka, na usajili hauwezi kumngoja.

---

Katibu_Nyalenda:

Asante sana ndugu. Kwa hiyo hizo tarehe za mwisho ni zipi? Watu wanatuambia "bado mapema".

---

Sajili_Safi:

Sheria ya Uchaguzi inataka ombi la kuhamisha liifikie tume siku zisizopungua 90 kabla ya uchaguzi. Hesabu kutoka Agosti 10, 2027 kurudi nyuma: unaangukia Mei 12. Usajili wa wapya hufungwa siku 60 kabla, yaani karibu Juni 11. Lakini msiwatangazie watu hizo kama tarehe za kutegemea. Tume huhitaji muda wa kukagua na kusafisha sajili, na mwaka 2022, uchaguzi ukiwa Agosti 9, usajili ulisitishwa mapema Mei. Wekeni tarehe yenu wenyewe ya mwisho, mseme hata Machi, na mtu akichelewa kwenu bado awe hajachelewa kwa tume.

Jambo jingine ambalo hushtua watu: kiti kikitangazwa kuwa wazi, usajili katika eneo hilo husimama hadi uchaguzi mdogo uishe. Usajili endelevu ulipofunguliwa tena Septemba 29, 2025, maeneo yaliyokuwa yakingoja uchaguzi mdogo yaliachwa nje kwa sababu hiyo. Kwa hiyo kama mbunge au diwani wa mahali amefariki au kiti kimebatilishwa na mahakama, msimpeleke mtu kwenye ofisi ya eneo hilo kabla ya kuuliza.

---

Mama_Kajulu:

Niwasaidie kwenye A na B, kwa sababu hapa Kisumu jambo hili limeachwa bila kuelezwa kwa muda mrefu na watu wanaumia.

Wadi ya Nyalenda A iko eneobunge la Kisumu Mashariki, pamoja na Kajulu, Kolwa Mashariki, Kolwa ya Kati na Manyatta B. Wadi ya Nyalenda B iko Kisumu ya Kati, pamoja na Railways, Migosi, Shaurimoyo Kaloleni, Market Milimani na Kondele. Dunga ni Nyalenda B, kwa hiyo wale wanaopara samaki ufuoni wanamchagua mbunge wa Kisumu ya Kati. Na angalieni Manyatta nayo: Manyatta B iko Mashariki, ila ukisogea kidogo tu upande wa Kondele uko Kati.

Sasa mkiwa kwenye kikao, msianze na ramani. Anzeni na karatasi sita za kura, ndipo watu wanaelewa kwa nini inawahusu. Mtu anapewa karatasi ya rais, gavana, seneta, mwakilishi wa kike, mbunge na diwani. Aliyetoka Nyalenda A kwenda Nyalenda B: rais, gavana, seneta na mwakilishi wa kike ni walewale, maana kaunti ni moja. Wanaobadilika ni wawili, mbunge na diwani. Aliyetoka Lurambi kuja Nyalenda A: wote wanabadilika isipokuwa rais. Aliyehama kutoka kituo kimoja hadi kingine ndani ya wadi ileile: hakuna anayebadilika, lakini bado lazima ahamishe, la sivyo jina lake litamngoja kule kwa zamani.

Wapangaji wa mitaa hii huhama vyumba kila kodi inapopanda. Asiyetaka kuhangaika achague kituo cha mahali atakapokaa kwa muda, si cha nyumba anayokusudia kutoka mwezi ujao.

Na kwa wale wa Kakamega mjini: hakuna eneobunge linaloitwa Kakamega Mjini. Mji uko ndani ya Lurambi. Vivyo hivyo, mji wa Bungoma uko Kanduyi. Mtu akiona "Lurambi" kwenye simu yake asidhani ameandikishwa mahali pageni.

---

Flamingo_Nakuru:

Huku Nakuru matatizo yetu ni ya majina, na nadhani yatawafaa hata ninyi kama mfano.

Eneobunge la zamani la Nakuru Mjini liligawanywa katika mapitio ya 2012, na tangu uchaguzi wa 2013 tuna mawili. Nakuru Mjini Mashariki ina wadi tano: Biashara, Kivumbini, Flamingo, Menengai na Nakuru East. Nakuru Mjini Magharibi ina sita: Barut, London, Kaptembwo, Kapkures, Rhoda na Shaabab. Tazameni hapo: wadi inaitwa Nakuru East, na eneobunge nalo ni Nakuru Mjini Mashariki. Mtu wa Kivumbini anaambiwa yeye ni wa Nakuru Mashariki, anakwenda kutafuta jina lake kwenye orodha ya wadi ya Nakuru East. Halipo. Anarudi nyumbani akiamini amefutwa.

Biashara ndiyo mbaya zaidi. Kuna wadi ya Biashara hapa Nakuru mjini, na kuna wadi nyingine ya Biashara huko Naivasha. Kaunti moja, majina mawili yanayofanana, maeneobunge mawili tofauti. Ukiangalia sajili na ukaona "Biashara", soma mstari wa eneobunge kabla hujafurahi. Menengai vilevile: wadi ya Menengai iko Nakuru Mjini Mashariki, lakini Menengai West iko Rongai.

Na kuna Lanet. Watu wanaishi Lanet, wanafanya kazi mjini, wanapanda matatu za mjini, wanajiita watu wa Nakuru mjini, na ndivyo walivyo kwa kila kitu isipokuwa kura. Wadi ya Lanet/Umoja iko eneobunge la Bahati, pamoja na Kiamaina, Kabatini, Dundori na Bahati yenyewe. Mkaazi wa Lanet anayetaka kumchagua mbunge wa Bahati na akaenda ofisi ya mjini Mashariki atakuwa amekosea mlango.

Tunachofanya vikaoni ni kuandika kwenye kadibodi kubwa safu tatu: jina la kituo, wadi, eneobunge. Vituo vya mtaa ule peke yake, si vya kaunti nzima. Mtu anapita na kidole hadi anapata shule anayoijua. Inafanya kazi kuliko maelezo ya saa nzima.

---

Wekesa_B:

Nimesikia kwamba mtu akishahamisha anaweza kurudi tena baadaye. Sasa kwa nini wanasiasa wanawabeba watu kwa mabasi kuja kujisajili? Kama ni halali, mbona watu wanakasirika?

---

Sajili_Safi:

Ndugu Wekesa, kuhamisha ni haki ya anayehama. Kulipwa ili uhamishe ni jambo jingine kabisa, na sheria ya makosa ya uchaguzi inamtazama anayetoa na anayepokea. Katika eneobunge ambalo mshindi na wa pili wameachana kwa kura mia chache, mabasi machache yanatosha kuwachagulia wakazi mbunge wasiyemtaka, na walioletwa wanarudi kwao usiku uleule. Barabara mbovu na shule isiyo na paa zinabaki kwa wenyeji. Mimi naona hilo ni dhuluma na ni vizuri watu wakasirike.

Kwa hiyo Katibu, kwenye vikao vyenu semeni mambo matatu bila kuuma maneno. Usajili na uhamisho havilipiwi hata shilingi. Usimpe mtu kitambulisho chako akakae nacho, hata akikuahidi kukurudishia siku ya kura. Ni njia ya zamani ya kuwanyima watu kura. Na usimwandikie broka namba ya kitambulisho na mwaka wa kuzaliwa kwenye daftari lake, eti anakusaidia kuhamisha. Baada ya kuhamisha, angalia sajili mwenyewe kwenye tovuti ya tume au kwa namba ya ujumbe mfupi ambayo tume huitangaza. Ukiona umehamishwa bila kuomba, nenda ofisi ya eneobunge ukalalamike kwa maandishi na ubaki na nakala yenye muhuri.

---

Fundi_Vidole:

Kuhusu alama za vidole. Mtambo wa usajili huchukua vidole vyote kumi na picha ya uso. Watu wengi hawajui ni vyote kumi, na hilo ndilo linalowaokoa siku ya kura: kidole gumba kikikataa, muombe karani ajaribu kingine, kisha kingine.

Kwa nini vinakataa? Mtambo husoma matuta ya ngozi. Simiti na chokaa huyala. Magamba ya samaki na kisu huyakwaruza, na maji ya siku nzima huvikunja vidole hadi matuta yanalala. Wazee ngozi yao imekauka, matuta yamesawazika. Wavunja kokoto, wachuma chai na wanaofua nguo za watu, hao pia. Hina nzito kwenye ncha za vidole nayo huchafua picha.

Maandalizi ni haya. Siku mbili tatu kabla, apumzishe mikono kadiri awezavyo, na usiku apake mafuta ya kujipaka au vaselini ili ngozi ilainike. Asubuhi ya usajili anawe kwa sabuni na kukausha kabisa. Mafuta yakibaki kwenye kidole yanateleza juu ya kioo na picha inatoka kama doa. Aliyetoka ufuoni akiwa na vidole vilivyokunjamana akae kama nusu saa hadi ngozi irudi. Kidole kikavu mno kinaweza kusuguliwa kwenye kiganja kingine au kwenye paji la uso kipate unyevu kidogo. Akibonyeza, abonyeze sawasawa, bapa lote la kidole likae juu ya kioo, si ncha tu, na asikandamize kwa nguvu hadi matuta yaungane. Na muombeni karani apanguse kioo kila baada ya watu kadhaa. Mara nyingi tatizo liko kwenye kioo chenye jasho la watu waliotangulia, na mpigakura analaumiwa bure.

Asiyekuwa na kidole, au ambaye kidole hakisomeki kabisa, hanyimwi usajili. Karani huandika hali hiyo kwenye mtambo na kuendelea. Tume ilitangaza pia, usajili ulipofunguliwa tena 2025, kwamba mboni ya jicho itatumika, na hilo litawafaa sana wavuvi na mafundi.

Siku ya kura, vidole vikikataa vyote, karani hutafuta kwa namba ya kitambulisho. Picha na majina yakitokea na yakilingana, msimamizi wa kituo hujaza Fomu 32A mbele ya mawakala, na mtu anapiga kura yake. Wafundisheni watu jina la fomu hiyo. Mama mzee akiambiwa "mtambo umekukataa, nenda nyumbani", aseme "nijazieni 32A". Wengi hurudi nyumbani kwa kutojua maneno hayo mawili tu.

Na aende na hati ileile aliyosajiliwa nayo. Aliyesajiliwa kwa pasipoti asije na kitambulisho.

---

Mama_Kajulu:

Niongeze kuhusu foleni. Sheria inasema kituo kimoja kisizidi wapigakura 700. Shule yenye watu 4,000 kwenye sajili haitakuwa na chini ya vituo sita, kila darasa kituo chake, na majina hugawanywa kwa alfabeti. Hapa Kisumu, ambapo nusu ya mtaa ni akina Odhiambo, Otieno, Achieng' na Atieno, herufi A na O zinaweza kujaza vyumba kadhaa peke yake. Kwa hiyo mtu kujua "niko mlango wa O" hakutoshi, atazame orodha iliyobandikwa ukutani inaanzia jina gani na kuishia lipi. Nimeona vijana wakijitolea kusimama langoni na orodha hiyo kuelekeza watu, ni kazi ya maana sana, ila waombe ruhusa kwa msimamizi na wasivae rangi za chama chochote.

Vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni. Aliyeko kwenye foleni saa kumi na moja ikigonga ana haki ya kupiga kura hata giza likiingia. Asitoke kwenye mstari.

---

Katibu_Nyalenda:

Mmetusaidia kuliko tulivyotarajia. Kuna mzee mmoja kikaoni aliuliza swali ambalo hatukuwa na jibu: kwa nini Nyalenda iligawanywa hivi, na je, mipaka inaweza kubadilishwa kabla ya 2027? Kuna uvumi kwamba tutapewa eneobunge jipya.

---

Mipaka_na_Hesabu:

Hilo ni swali zuri na mzee apewe jibu kamili.

Katiba, kifungu cha 89, imeweka idadi ya maeneobunge kuwa 290. Haiongezeki kwa mapitio ya mipaka. Eneobunge jipya Kisumu maana yake ni kwamba mahali pengine pamepoteza moja, na mnaweza kufikiria vita vyake bungeni na mahakamani.

Mapitio hufanywa kila baada ya miaka isiyopungua 8 na isiyozidi 12. Ya mwisho yalikamilika Machi 2012. Miaka 12 ikaisha Machi 2024 bila mapitio mapya, wakati tume yenyewe haikuwa na makamishna. Na kifungu hichohicho kinasema mapitio yasiyokamilika angalau miezi 12 kabla ya uchaguzi mkuu hayatumiki katika uchaguzi huo. Agosti 2027 toa mwaka mmoja, pigeni hesabu wenyewe. Mtu akiwaambia mipaka imebadilika, mwambieni awaonyeshe tangazo kwenye gazeti rasmi la serikali. Pasipo hilo, fanyeni kazi kwa mipaka ya 2012.

Kuhusu kugawanywa: kipimo kikuu ni idadi ya watu. Si wapigakura, ni watu, hata watoto. Mwaka 2012 ilitumika sensa ya 2009, watu 38,610,097. Gawanya kwa 290 unapata 133,138 kwa kila eneobunge. Katiba inaruhusu kupanda au kushuka kwa asilimia 40 katika majiji na maeneo yenye watu wachache waliotawanyika, na asilimia 30 kwingineko. Baada ya hapo huangaliwa mambo ya kijiografia na miji, ushirikiano wa jamii, historia, uchumi na utamaduni, na njia za mawasiliano. Mtaa wenye watu wengi kama Nyalenda ukiukusanya wote upande mmoja, upande ule unavimba na mwingine unakonda. Ndiyo maana mara nyingi mistari ya mjini hukata katikati ya mitaa ambayo wakazi wanaiona ni kitu kimoja.

Sasa tazameni sensa ya 2019: watu 47,564,296, kipimo kinapanda hadi 164,015. Hapa ndipo panapouma:

Kisumu, watu 1,155,574, maeneobunge 7: wastani 165,082. Karibu sawa kabisa na kipimo.
Nakuru, watu 2,162,202, maeneobunge 11: wastani 196,564. Asilimia 20 juu.
Bungoma, watu 1,670,570, maeneobunge 9: wastani 185,619. Asilimia 13 juu.
Kakamega, watu 1,867,579, maeneobunge 12: wastani 155,632. Chini kidogo.
Busia, watu 893,681, maeneobunge 7: wastani 127,669. Asilimia 22 chini.
Vihiga, watu 590,013, maeneobunge 5: wastani 118,003. Asilimia 28 chini.

Mbunge mmoja wa Nakuru, kwa wastani, anabeba watu ambao Vihiga wangekuwa na mbunge mmoja na theluthi mbili hivi. Huo ni uzito wa kura wa mtu wa Nakuru ukipunguzwa kila siku mbunge wake anaposimama kuomba fedha za barabara au madarasa. Kwa upande wa pili, Vihiga inakaribia kugusa ukingo wa asilimia 30, kwa hiyo wananchi wa huko wana sababu ya kuyaogopa mapitio. Wote wawili wanastahili kusikilizwa. Mapitio yakija, tume hutoa mapendekezo kwanza na wananchi hutoa maoni yao, na matokeo yakishachapishwa, asiyeridhika ana siku 30 kwenda mahakamani. Mzee huyo na wenzake waandike maoni yao mapema: vituo gani, mito gani, barabara gani, soko gani linawaunganisha. Tume hufanyia kazi maelezo ya namna hiyo. Malalamiko ya jumla hayaifikishi mahali.

Angalizo moja: hizo ni wastani za kaunti. Ndani ya kaunti moja maeneobunge hutofautiana sana, kwa hiyo msizitumie kusemea eneobunge lenu moja.

---

Flamingo_Nakuru:

Asilimia 20. Na tangu Desemba 2021 Nakuru ni jiji, kwa hiyo maeneobunge ya mjini yanaweza kuvumilishwa hadi asilimia 40 juu. Hilo watu wetu hawajaelezwa. Waliposherehekea jiji hawakuambiwa kwamba linaweza pia kuongeza idadi ya watu wanaogawana mbunge mmoja.

---

Katibu_Nyalenda:

Swali la mwisho na nitawaacha mpumzike. Mtu amehamisha, ana karatasi yake, lakini akiangalia bado anaonekana kule kwa zamani. Afanye nini?

---

Sajili_Safi:

Asijisajili upya. Kwanza asubiri, kwa sababu uhamisho hauingii kwenye sajili siku ileile. Fomu huchakatwa kwanza. Zikipita wiki kadhaa bila mabadiliko, arudi ofisi ileile aliyohamishia, na karatasi yake ya kuthibitisha pamoja na kitambulisho, aombe waangalie ombi lake limekwama wapi. Mara nyingi utakuta namba ya kitambulisho iliandikwa vibaya, au aliandikwa kama msajiliwa mpya badala ya mhamiaji na mtambo ukamkataa kwa sababu yumo tayari. Yote mawili hurekebishwa ofisini, ikiwa bado dirisha liko wazi.

Pili, kuna kipindi cha ukaguzi. Kabla ya uchaguzi mkuu, tume hufungua sajili kwa siku 30 ili kila mtu akague maelezo yake kwa alama za vidole kwenye kituo chake, na sheria inataka hilo lifanywe kabla ya siku 60 za mwisho. Hicho ndicho kipindi cha kuwapeleka watu wenu kwa makundi, mtaa kwa mtaa, hasa wote waliohamisha na wote wenye vidole vigumu. Mtambo ukimkataa mtu wakati wa ukaguzi kuna muda wa kutengeneza. Ukimkataa Agosti hakuna.

Tatu, aliyeomba kusajiliwa na jina lake halimo ana haki ya kupeleka dai kwa afisa wa usajili wa eneobunge kwa maandishi. Akikataliwa anaweza kukata rufaa kwa hakimu. Hapo ndipo ile karatasi ndogo inapokuwa na thamani, kwa hiyo waambieni waipige picha siku ileile wanayopewa, maana wino wake hufifia.